Kulanti Isiyonuka Bado Inaumiza

Katika karakana nyingi za vyuma za Tanga, iwe ile inayokereza shafti za korona za mkonge (mashine ya kuchakata majani, si ule ugonjwa) au ile inayochimba upya silinda za malori ya saruji ya Pongwe, kipimo cha kulanti, kimiminika cha kupozea chuma kinapokatwa, ni pua. Jumatatu asubuhi mashine ikiwashwa na harufu ya yai viza ikatanda, fundi anaomba dawa ya kuua bakteria. Inamwagwa, harufu inakata, kazi inaendelea mpaka siku itakaponuka tena. Hoja ya makala haya ni kwamba mtindo huo hauzuii uchafu unaoumiza mapafu. Mara nyingine unaupalilia.

Tuanze na harufu yenyewe. Kulanti inayotumika sana ni mafuta maalumu yaliyochanganywa na maji: mafuta asilimia 5 hadi 8, kilichobaki ni maji. Mashine ikizimwa Ijumaa jioni, mafuta ya kulainishia reli zake na yale ya haidroliki yanayovuja huelea juu ya sampo (tangi la kulanti la mashine) na kuifunika. Hewa haipiti. Bakteria wanaohitaji oksijeni wanamaliza iliyobaki, kisha zamu inashikwa na wale wasioitaka, wanaogeuza salfeti kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo harufu ya Jumatatu. Washa pampu kwa saa chache, kulanti izunguke na kupata hewa, harufu itapungua bila tone la dawa, ilhali jumla ya bakteria iko palepale. Harufu inakuambia kwamba oksijeni iliisha mwishoni mwa wiki. Kuhusu nani anaishi humo, haisemi la maana.

Anayetuhusu hapa hanuki. Maikobakteria wa mazingira ni ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, lakini makazi yao ni maji, udongo na mabomba, na kwa kawaida hawahami kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kinachowatenga na bakteria wengine ni ukuta wao, uliojaa asidi ndefu za mafuta, wa nta, usiopenda maji. Ukuta huo unazuia dawa kupenya. Unawafanya washikamane na kuta za tangi na ndani ya mipira, wakajenga utando wa ute. Tena unawafanya wapende kukaa pale maji yanapokutana na hewa, mahali ambapo povu likipasuka matone yanaruka nao. Spishi inayotajwa zaidi kwenye kulanti ni Mycobacterium immunogenum, iliyopewa jina rasmi mwaka 2001. Ni jamaa wa karibu wa M. chelonae na M. abscessus, na kati ya maikobakteria yumo kwenye kundi la wanaokua haraka. Haraka kwa kipimo chao, lakini: kuonekana kwenye sahani ya maabara huchukua siku kadhaa, mpaka wiki, wakati bakteria wa kawaida wa majini huonekana baada ya siku moja au mbili.

Sasa tazama dawa inafanya nini. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kulanti hutoa formaldehaidi kidogo kidogo. Triazini ndiyo maarufu. Zinaua vizuri Pseudomonas, bakteria wa kawaida wa majini, na wenzake, ambao ndio wengi na ndio wepesi wa kuzaana. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba M. immunogenum huhitaji dozi kubwa kuliko Pseudomonas ndipo afe. Fundi anayemwaga kiasi cha kukata harufu tu, na hasa anayemwaga nusu dozi ili kubana matumizi, anafyeka shamba zima na kuliacha kwa gugu moja lisilosikia jembe. Chakula kipo, mshindani hayupo. Kulanti hiyo inaweza kukaa miezi bila kunuka, na mwenye karakana akaamini imetulia.

Kuna wanaokimbilia jiki. Hapa hakuna mjadala: klorini ya kufulia haiwekwi kwenye kulanti. Inavunja mchanganyiko wa mafuta na maji, inaleta kutu kwenye reli za mashine, na ikikutana na amini zilizomo kwenye kulanti hutoa kloramini, hewa inayochoma macho na koo. Na hata ikifanya hayo yote, maikobakteria ndio watakaokuwa wa mwisho kufa.

Wanaingia kwa njia gani? Kwa maji tuliyochanganyia. Tanga mjini inategemea mto Zigi na bwawa la Mabayani, na maji hayo husafishwa na kutiwa klorini kabla ya kuingia mabombani. Wataalamu hupima kazi ya klorini kwa kuzidisha miligramu kwa lita na dakika za kugusana. Kuua asilimia 99.9 ya E. coli hutaka chini ya 0.1 kwa kipimo hicho. Aina za M. avium, maikobakteria mwingine, zilizopimwa maabara zilitaka kati ya 51 na 204. Bomba lenye klorini ya miligramu 0.5 kwa lita litahitaji basi dakika 102 hadi 408, yaani kutoka karibu saa mbili hadi karibu saa saba, na hiyo ni kwa bakteria anayeelea peke yake, si aliyejificha ndani ya utando wa bomba. Hili si kosa la mamlaka ya maji, na asije mtu akahubiri klorini iachwe. Imewekwa kwa ajili ya kipindupindu na kuhara, na huko inatimiza wajibu wake. Ila anayechanganya kulanti ajue kwamba maji ya bomba, hata yakiwa safi ya kunywa, yanakuja na mbegu.

Mapafu hayasamehi hata maiti

Kinachowapata wafanyakazi wengi walioathirika si maambukizi, ni mzio. Ukungu wa kulanti unabeba vipande vya bakteria, wazima na waliokufa, mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Kinga ya mwili ya baadhi ya watu huvishambulia, na mapafu yenyewe yanavimba. Dalili huja saa 4 hadi 8 baada ya kuanza kazi: homa, baridi, kikohozi, kifua kubana, uchovu kama wa malaria. Mtu anapumzika, anapata nafuu, anarudi kazini, zinaanza upya. Zikiachwa kwa miezi, anapungua uzito, anahema akipanda ngazi, na mwishowe mapafu yanapata makovu yasiyofutika.

Hapo kwenye “waliokufa” ndipo hoja ya dawa inapoporomoka kabisa. Bakteria aliyeuliwa bado ana ukuta uleule, na kinga ya mwili haiulizi kama mwenye ukuta anapumua. Ukimwaga dozi kubwa kwenye sampo iliyojaa utando, unatengeneza supu ya maiti, kisha pampu inairusha hewani. Dawa ina nafasi yake, tutaifikia, lakini ni nafasi ya kuzuia wasizaane kwenye mashine iliyokwisha safishwa. Sampo iliyooza haiponi kwa dawa.

Milipuko ya ugonjwa huu miongoni mwa wakereza vyuma imekuwa ikiripotiwa tangu miaka ya 1990, hasa kwenye viwanda vya vipuri vya magari vya Marekani, Michigan na Ohio vikiwemo. Mmoja uliochunguzwa kwa kina ulitokea kwenye kiwanda cha injini huko Birmingham, Uingereza, mwaka 2003 hadi 2004, ambako wafanyakazi zaidi ya 80 walikutwa na pumu ya kazini au mzio huu wa mapafu. Haki itendeke: Birmingham vidole havikuelekezwa kwa maikobakteria peke yao, bakteria wengine wa kwenye kulanti nao walishukiwa. Jambo la kushika kutoka huko ni jingine. Ukungu uliopimwa hewani ulikuwa chini ya kiwango elekezi cha Uingereza cha wakati ule, miligramu 1 kwa mita ya ujazo, na watu waliugua vilevile. Kiwango hicho kikaja kuondolewa. Marekani, NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini, ilikwishapendekeza mwaka 1998 kisizidi miligramu 0.4 ya chembe zinazofika kifuani, au 0.5 ya chembe zote. Kiwango cha ukungu pekee, bila kujua ndani yake mna nini, ni nusu ya habari.

Mgonjwa wa karakana na dawa za miezi sita

Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Kwa hiyo mkereza chuma anayekohoa, anayetoka jasho usiku na kukonda, akifika kituo cha afya Ngamiani au Makorora, atapimwa kifua kikuu, na ni sawa kabisa. Tatizo linaanza vipimo visipokubaliana na mtu akahitimisha haraka.

Darubini inayotumia rangi nyekundu ya kaboli-fuksini inaonyesha bakteria wote wenye ule ukuta wa nta. Haiwezi kumtenga wa kifua kikuu na wa bombani. Mashine ya GeneXpert inamtafuta wa kifua kikuu na jamaa zake wa karibu tu. Makohozi yakionyesha vijiti vyekundu kwenye darubini na GeneXpert ikasema hakuna, jibu la kwanza la kufikiria ni maikobakteria wa mazingira. Utafiti wa washukiwa wa kifua kikuu kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2016, uliwakuta bakteria hawa kwenye makohozi ya baadhi yao, kwa hiyo hatuzungumzii jambo la Ulaya. Lakini hata hapo kuna tahadhari ya pili: makohozi ya mara moja hayatoshi, kwa sababu bakteria wa bombani anaweza kuingia kwa mgonjwa kusukutua mdomo au kwa maji ya maabara. Mwongozo wa kimataifa hutaka wamee kwenye makohozi yasiyopungua mawili yaliyotolewa nyakati tofauti, pamoja na dalili na picha ya kifua inayolingana.

Kwa mwenye mzio, makohozi yanaweza yasionyeshe kitu chochote. Picha ya kifua ina ukungu, mgonjwa anahema, vipimo vyote ni hasi, na daktari anaanza dawa za kifua kikuu kwa kuangalia dalili. Hapa ndipo mtego ulipo. Anayeanza dawa mara nyingi hupewa mapumziko. Akiwa nyumbani mbali na mashine, anapata nafuu, na sifa zinakwenda kwa vidonge. Anarudi kazini, kikohozi kinarudi, na sasa anaitwa mgonjwa ambaye kifua kikuu kimemrudia. Dawa hazikufanya lolote. Aliyemponya ni likizo. Matibabu ya mzio huu ni kumtoa kwenye ukungu, na daktari anaweza kuongeza dawa za steroidi. Kumpa steroidi mtu ambaye kweli ana kifua kikuu bila kumtibia ni hatari, ndiyo maana kifua kikuu lazima kitafutwe kwanza, tena kwa dhati.

Maswali matatu yanatosha kumfungua macho tabibu. Unafanya kazi gani hasa, na kwenye mashine ipi? Ukiwa likizo ya wiki mbili, unapata nafuu? Kuna mwenzako wa karakana hiyohiyo mwenye dalili kama zako? Jibu la tatu likiwa ndiyo, tatizo limeshatoka hospitali na kuwa la karakana.

Kuipima kulanti yenyewe si jambo la kusubiri Dar es Salaam. Vijiti vya kuoteshea vijidudu vinavyouzwa na wauza kulanti husomwa baada ya saa 24 hadi 48, muda ambao maikobakteria hajaonekana bado, na Pseudomonas akiwepo anafunika uso wote wa kijiti. Matokeo safi kwenye kijiti hicho hayana maana yoyote kwa swali letu. Shirika la viwango la ASTM la Marekani lina taratibu mbili za kulanti: E2563 ya kuotesha, na E2564 ya kuhesabu moja kwa moja kwa darubini. Hii ya pili ndiyo inayotufaa, kwa kuwa inatumia kanuni ileile ya rangi inayotumika kwa makohozi. Darubini ipo, rangi ipo, na watu wanaojua kutambua kijiti chekundu wapo katika kila wilaya ya mkoa huu. Tena inahesabu wazima na wafu pamoja, kasoro kwa mtu anayepima dawa, faida kwa anayejali mapafu.

Sampuli ichukuliwe mashine ikiwa imezunguka kama nusu saa, moja kutoka kwenye nozo na nyingine ya ute uliokwanguliwa ukutani, juu kidogo ya mstari wa kulanti. Chupa tasa ya mililita 100, isijazwe mpaka mdomoni, iwekwe kwenye boksi la barafu na ifike maabara siku hiyohiyo. Ichukuliwe kabla ya kumwaga dawa, si baada. Na maabara isisuuze slaidi kwa maji ya bomba: bakteria wa bombani watashika rangi na kuhesabiwa kama wametoka kwenye kulanti. Yatumike maji yaliyotoneshwa au yaliyochujwa.

Kazi yenyewe ya sampo

Maji kwanza. Tanga ni nchi ya mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni ushahidi, na maji ya visima vingi ni magumu. Kalisiamu na magnesiamu hushika sabuni iliyomo kwenye kulanti, mchanganyiko unakatika, mafuta yanaelea juu, na sampo inapata ute wa kunatanata unaowafaa bakteria. Visima vya karibu na pwani vinaongeza chumvi, na hiyo ni kutu. Kulanti nyingi hupenda ugumu wa miligramu 80 hadi 125 hivi kwa lita. Ukipita 200 shida zinaanza. Maji ya mvua ni laini, lakini yakiwa laini kupita kiasi yanatoa povu, na povu ni ukungu unaosubiri zamu yake. Kuchanganya ya mvua na ya bomba ni suluhisho la bei nafuu kuliko mashine yoyote ya kuchujia.

Joto la hapa linaongeza jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havilisisitizi. Chukua sampo ya lita 120 inayopoteza lita 6 kwa siku kwa kukauka. Katika siku 20 za kazi umeongeza lita 120, na madini ya maji hayo yote yamebaki ndani. Ugumu umekuwa mara mbili ya ule wa siku ya kwanza, ukiacha kidogo kilichoondoka na vyuma. Ndiyo maana kulanti iliyokuwa nzuri mwezi wa kwanza hukatika mwezi wa tatu bila mtu kubadilisha chochote. Maji yaliyotolewa madini kwa ajili ya kuongezea tu, hata kama mjazo wa kwanza ulikuwa wa bomba, yanarefusha maisha ya kulanti kuliko dawa.

Nguvu ya mchanganyiko hupimwa kwa rifraktomita, na kosa la kawaida ni kusoma Brix, namba inayoonyeshwa na kifaa hicho, kama asilimia. Kila kulanti ina kizidisho chake kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kikiwa 1.5 na kifaa kinasoma 4, una asilimia 6. Asiyezidisha ataona 4, ataongeza mafuta, na mikono ya mafundi itaanza kupasuka. Ikishuka chini ya asilimia 4 au 5, viambato vya kuzuia bakteria vilivyomo kwenye mafuta yenyewe havifikii kiwango chake na bakteria wanapata nafasi. Kwa sampo ya lita 120 kwa asilimia 6, ni lita 7.2 za mafuta na 112.8 za maji, mafuta yakimiminwa ndani ya maji huku unakoroga. Ukigeuza, ukamwaga maji kwenye mafuta, unapata mchanganyiko mzito uliopinduka ambao haurekebishiki. Unapofidia maji yaliyokauka, usiongeze maji matupu; mchanganyiko mwepesi wa asilimia 2 hadi 3 unatosha, kisha pima tena.

Kiwango cha pH kwa kulanti nyingi mpya ni karibu 9. Kikishuka chini ya 8.5 maana yake bakteria wanatoa asidi, na mwenendo wa wiki hadi wiki una maana kuliko namba ya siku moja. Lakini usidanganyike: maikobakteria wanakua polepole na hawashushi pH kama Pseudomonas. pH nzuri ni ushahidi dhidi ya bakteria wa kawaida, basi.

Mafuta ya kuvuja yaondolewe kila asubuhi kabla pampu haijawashwa, wakati yangali yameelea. Mkanda wa kuvutia mafuta ni mzuri, lakini hata kipande cha kitambaa kinachonyonya mafuta na kukataa maji kinatosha kwa mashine moja. Na uvujaji wenyewe uzibwe. Karakana inayonunua dawa kila mwezi na kuahirisha sili ya shilingi elfu chache inafanya hesabu ya ajabu.

Usafi mkubwa ndiyo roho ya jambo hili na ndio unaofanywa vibaya kuliko yote. Kumwaga kulanti ya zamani na kujaza mpya si usafi. Ukiacha sehemu moja ya kumi chini ya sampo, bakteria wakijigawa mara tatu au nne tu wamerejea walikokuwa, na hapo hujahesabu utando wa ukutani. Anza kwa kuondoa mabaki yote ya chuma na mafuta ya juu. Kulanti ya zamani ikiwa bado ndani, tia dawa ya kusafishia mfumo kwa kipimo cha lebo yake, mara nyingi asilimia 1 hadi 3, na uzungushe kwa saa zisizopungua 8, nozo zote zikiwa wazi, pamoja na ule mpira usiotumika tangu mwaka jana. Toa yote ikiwa bado ina uvuguvugu, kabla uchafu haujatuama. Fungua vifuniko, sugua kwa brashi upande wa ndani wa ngao, chini ya sinia la mabaki, kwenye chujio na pembe ambazo kulanti inasimama bila kutembea. Usitumie pampu ya kuoshea magari: itageuza utando wote kuwa ukungu na kuusambaza karakana nzima, na msafishaji atavuta kwa saa moja kile alichokuwa anavuta kwa mwezi. Anayesugua avae barakoa ya N95 au zaidi yake, siyo ile ya kitambaa, pamoja na glovu za nitrili. Suuza kwa mchanganyiko mwepesi wa kulanti, zungusha nusu saa, toa, rudia. Kisha jaza mpya papo hapo. Mashine ikilala wazi usiku mmoja kwenye unyevu wa Tanga, asubuhi utakuta kutu.

Baada ya hapo ndipo dawa ina kazi, kwa dozi kamili ya lebo, kwa ratiba ya vipimo na si ya pua. Kulanti iliyotolewa isipelekwe kwenye mtaro unaoishia baharini. Ikusanywe kwenye mapipa kwa mzoaji mwenye kibali.

Ukungu nao una tiba rahisi zinazodharauliwa. Kulanti izimwe chuma kisipokatwa. Mkondo uelekezwe penye ncha ya kisu kwa wingi na presha ndogo, badala ya kupiga kwa nguvu ikaruka. Mashine yenye mlango, mlango usifunguliwe mara tu kazi inapoisha. Dakika mbili tatu za kuvuta hewa zinaondoa sehemu kubwa. Kupuliza chuma kwa upepo wa kompresa ni desturi ngumu kuiacha, lakini brashi na kitambaa vinafanya kazi ileile bila kumpiga fundi usoni. Na pangaboi linalozunguka juu ya mashine ya kukereza haliondoi ukungu, linaugawa kwa wote. Feni ya kutoa hewa nje, ikiwekwa nyuma ya mashine, ina faida mara nyingi zaidi.

Nje ya karakana, mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Mwaka 2000 huko Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu miguuni kutokana na M. fortuitum, maikobakteria waliokuwa nyuma ya vichujio vya beseni za kuoshea miguu, kwenye nywele na ngozi zilizonasa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufungua. Saluni za Tanga zenye beseni za pampu zina chujio hicho hicho. Kwenye hoteli, hita za maji zikiwekwa chini ya nyuzi 50 zinawalea bakteria hawa. 55 na zaidi zinawapunguza. Hospitali zinazosuuzia vifaa vya upasuaji au vya kuchungulia tumbo kwa maji ya bomba baada ya kuvitakasa zinarudisha ndani kile zilichokiua. Kila moja ya hizo inastahili makala yake.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde mapafu hayo, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ina mamlaka ya kukagua, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa magonjwa yatokanayo na kazi. Ila fidia inahitaji kuunganisha ugonjwa na mashine, na karakana nyingi hazina hata ukurasa mmoja wa kufanyia hivyo. Daftari la sampo linagharimu bei ya daftari: tarehe, Brix, pH, lita za maji na mafuta zilizoongezwa, dawa na kiasi chake, tarehe ya usafi mkubwa, na nani aliyekuwa kwenye mashine. Fundi akianza kukohoa, silika ya kwanza ya msimamizi ni kumwaga kulanti na kuosha kila kitu siku hiyohiyo. Kabla hajafungua koki ya sampo, chupa mbili zijazwe, moja ya kulanti na moja ya ute wa ukutani, ziandikwe namba ya mashine na tarehe, ziingie kwenye barafu. Sampo ikishamwagwa, hakuna maabara itakayoweza kusema fundi alikuwa anavuta nini.